Kabla ya Kununua Pinot ya Kilimo Hai, Muulize Mkulima Habari ya Salfa

Mwaka wa kwanza nilipotengeneza mvinyo wa Pinot Noir, aina ya zabibu za mvinyo mwekundu, hapa Oregon, Marekani, siku ya nne nilifungua mlango wa gereji nikapokewa na harufu ya yai viza. Kilo 90 za zabibu zilikuwa zinachachuka mle ndani. Nilizinunua kwenye shamba la kilimo hai, na nilivyoelewa mimi, kilimo hai maana yake zabibu hazijapuliziwa kitu chochote.

Nilikosea, na mtoto wa Dodoma kama mimi nilipaswa kujua. Baba alikuwa na ekari moja ya mizabibu, na adui mkubwa pale alikuwa ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Hapa Bonde la Willamette adui ni yuleyule, na salfa ni dawa inayoruhusiwa katika kilimo hai. Salfa yenyewe haina ubaya. Ubaya huja ikipuliziwa karibu na mavuno, kwa sababu hubaki kwenye maganda. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, kwa hiyo salfa yote inaingia pipani, na hamira inaigeuza kuwa haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya yai viza.

Chanzo cha pili ni njaa. Hamira inahitaji nitrojeni, na zabibu za shamba lisilotiwa mbolea nyingi wakati mwingine hazina ya kutosha. Hamira ikikosa chakula hutoa harufu ileile. Siku hizi naipa chakula kilichotengenezwa kwa hamira iliyokufa, mara sukari inaposhuka kwa theluthi moja. Ukisikia harufu mapema, usisubiri wiki. Mimi nilichota mvinyo kwa jagi na kuumimina kutoka juu ili upigwe na hewa, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Fanya hivyo wakati bado unachachuka tu. Ukishatulia, hewa ni sumu kwake.

Sasa zabibu zenyewe. Pinot ina ganda jembamba na kishada kilichobanana kama koni ya msonobari; ndiko lilikotoka jina lake, kwa Kifaransa. Mvua ikinyesha wiki ya mavuno, katikati ya kishada kunaoza wakati nje kunang'aa. Pasua vishada vichache kabla hujalipa. Natafuta utamu wa nyuzi 23 hadi 24 za Brix, kipimo cha sukari, unaotoa kilevi cha asilimia 13 na kidogo. Kisha nakaa mezani na familia tunachambua punje kwa mkono, kila iliyooza inatupwa. Kazi hii inachosha mgongo, na sijawahi kuijutia. Usizioshe.

Wengi hudhani kiasi kidogo ni rahisi kuliko kingi. Kwa joto, ni kinyume. Tangi kubwa hujipasha lenyewe, lakini pipa la lita 100 ndani ya gereji ya mwezi wa Oktoba hupoa usiku, na Pinot iliyochachuka kwenye baridi hutoka nyepesi na isiyo na rangi. Nalifunga pipa langu kwa blanketi, nikitaka lifike karibu nyuzi 30 za Selsiasi angalau siku moja au mbili. Maganda hupanda juu yakafanya kifuniko kizito; yazamishe mara tatu kwa siku, taratibu, bila kuponda mbegu, maana mbegu zikipondeka mvinyo unakuwa mchungu. Acha mlango wazi unapofanya kazi, kwani hewa ya kaboni inayotoka hapo inaweza kumwangusha mtu.

Baada ya siku kumi hivi nakamua. Kilo 90 hunipa kama lita 55, na machicha yakishatuama nabaki na madumu mawili ya kioo ya lita 23 na jagi la lita 4. Hilo jagi ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mvinyo hupungua kidogo kidogo dumuni, na nafasi ikibaki juu, hewa inaingia na siki inaanza. Kila mwezi najazia kutoka kwenye jagi hadi shingoni.

Kuhusu salfaiti, kihifadhi cha mvinyo kinachotokana na salfa, najua wapo wasiotaka hata kuisikia. Kwa sheria za Marekani, mvinyo unaouzwa kwa jina la mvinyo wa kilimo hai hauruhusiwi kuongezwa salfaiti. Ule ulioandikwa kwamba umetengenezwa kwa zabibu za kilimo hai unaruhusiwa kiasi kidogo. Mimi siuzi. Sheria inamruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, na sijafika hata robo. Natia gramu moja ya salfaiti kwa kila dumu baada ya uchachu wa pili, ule wa bakteria wanaolainisha ukali wa asidi, kwisha, na gramu hiyo hutoa kama miligramu 25 za dioksidi ya salfa kwa lita, na nalala usingizi.

Mvinyo ule wa kwanza ulipona. Tuliufungua baada ya miezi 14, harufu ya yai haikuwepo, lakini hewa niliyoupigisha ilikuwa imeondoka na harufu ya cheri pia, na cheri ndiyo roho ya Pinot. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hapa ni mara moja, kwa hiyo nilingoja.

Agosti iliyofuata, zabibu zilipoanza kugeuka rangi, nilimpigia simu mkulima mwingine. Sikuanza na bei. Nilimuuliza mara ya mwisho kupuliza salfa ilikuwa lini. Alikwenda kutazama daftari lake, akarudi na tarehe: wiki ya mwisho ya Julai, na hatarajii kupuliza tena. Nikamwomba aniwekee kilo 90.