Umesasisha Word na aya zimevurugika? Majibu kwa waliouliza

Tangu niweke toleo jipya la Word, kila hati mpya inaanza na fonti nisiyoizoea na pengo kubwa kati ya aya. Programu imeharibika?

Haijaharibika. Kilichobadilika ni mtindo (seti ya mipangilio ya fonti na nafasi) uitwao Normal, ambao aya zako za kawaida huufuata. Katika Word 2003 ulikuwa Times New Roman ya pointi 12, bila pengo baada ya aya. Toleo la 2007 likaleta Calibri ya 11 na pengo la pointi 10, la 2013 likapunguza pengo hadi 8, na kuanzia 2023 Microsoft wakaanza kuingiza fonti ya Aptos. Usichague maandishi yote na kubadilisha fonti kwa mkono, maana kesho utarudia kazi ileile. Kwenye orodha ya mitindo, bofya Normal kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye kurekebisha mtindo, weka fonti na nafasi uzitakazo, kisha chini ya kisanduku chagua badiliko lihusu hati mpya zote za kiolezo hicho, yaani faili ambalo hati mpya huanzia. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho, na ndiyo inayoponya.

Nikibadilisha rangi ya kichwa kidogo kimoja, vyote vinabadilika.

Mtindo huo umeruhusiwa kujisasisha. Fungua kisanduku cha kuurekebisha, uondoe alama ya ruhusa hiyo. Iache kwenye mitindo ya jedwali la yaliyomo tu.

Hati yangu ya zamani ilikuwa sawa. Nikiifungua kwenye kompyuta mpya, sura yake inageuka.

Angalia mipangilio ya kiolezo cha hati. Kuna alama inayoiamuru Word ichukue mitindo upya kutoka kwenye kiolezo kila hati inapofunguliwa. Kompyuta mpya ina kiolezo chake cha kawaida, Normal.dotm, yenye mitindo yake, nayo inaifunika ya kwako. Ondoa alama, rudisha mitindo ilivyokuwa, hifadhi.

Nimerekebisha mtindo kama ulivyoshauri, lakini aya chache zimekaidi.

Aya hizo zilipambwa kwa mkono, na pambo la mkono hushinda mtindo. Weka kishale ndani ya aya, bonyeza Shift+F1, na Word itakuonyesha mpangilio wa mahali hapo. Washa chaguo la kutofautisha chanzo, uone kipi kimetoka kwenye mtindo na kipi kiliongezwa. Kisha chagua aya: Ctrl+Q hufuta mapambo ya aya, kama nafasi na ujongezaji, Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi hufuta ya herufi. Hiyo ya pili itumie kwa uangalifu mkubwa, kwani hufuta pia italiki ulizoweka kwa makusudi, na nimeona tasnifu ikipoteza majina ya vitabu yote namna hiyo. Kama mapengo yalitengenezwa kwa kubonyeza Enter mara mbili, hakuna mtindo utakaoyaondoa. Futa aya hizo tupu.

Natumia LibreOffice, si Word. Nifanyeje?

F11 hufungua mitindo, na Ctrl+M hufuta mapambo ya mkono.