Maswali ya Sinema za Zamani: Sojin, Adui wa Filamu Bubu

Wiki hii maswali mengi yanamhusu Sojin Kamiyama, Mjapani aliyeigiza Hollywood kabla filamu hazijaanza kusema.

Yule mwana wa mfalme wa Wamongolia katika The Thief of Bagdad si ndiye Sessue Hayakawa?

Siye. Ni Sojin, na jina lake limeandikwa kwenye filamu yenyewe. Nimeshalijibu hili mara kadhaa na nimechoka nalo. Hayakawa alikuwa stelingi tangu The Cheat ya 1915, na sura zao hazikaribiani hata kidogo. Anayewachanganya hajawatazama, ameona Mjapani, basi.

Kabla ya hapo alikuwa nani?

Mtu wa jukwaani. Alizaliwa Sendai mwaka 1884, na huko Tokyo yeye na mkewe, Uraji Yamakawa, walikuwa na kundi lililoigiza tamthilia za Goethe na Shakespeare. Marekani ikampa kazi ya adui. Hebu itazameni tena The Thief of Bagdad ya 1924. Douglas Fairbanks, stelingi wake, anaruka kuta, anapanda kamba, hatulii. Sojin anasimama tu, masharubu membamba, macho nusu yamefumba. Anaamuru mvuvi maskini auawe ili ajaribu kama tufaha la dawa linafufua kweli, na uso wake hautikisiki. Mimi humwogopa yeye kuliko jeshi lake lote.

Charlie Chan wa kwanza alikuwa Mchina?

Hapana. Mpelelezi huyo wa Honolulu ni Mchina hadithini, lakini mwaka 1926 alichezwa na George Kuwa, Mjapani, na 1927 akachezwa na Sojin katika The Chinese Parrot. Mwaka 1931 akapewa Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, na umaarufu wote ukaenda kwake. Wachina wenyewe waliachwa pembeni. Filamu zile mbili za kwanza zimepotea, kwa hiyo anayekuuzia nakala kamili ni tapeli.

Tumwite Sojin Mmarekani?

Sheria ilimkatalia. Mgeni aliyetaka uraia ilibidi awe mweupe au mwenye asili ya Afrika. Takao Ozawa, Mjapani aliyeishi Marekani miaka 20, alikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1922 majaji wote wakamkatalia. Mlango haukufunguliwa kwa Wajapani hadi 1952. Mnaposifia Hollywood ya miaka hiyo, likumbukeni hilo: waliuza tiketi kwa sura ya mtu ambaye nchi ilikataa kumwandikisha.

Filamu za sauti zilimmaliza Sojin?

Zilimwondoa Marekani tu. Alirudi Japani akaendelea na kazi. Katika Seven Samurai ya 1954 yumo, mzee kipofu mwenye biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, mikononi, kwa muda mfupi. Alifariki mwaka huohuo.