Wasiingie matopeni Jumatatu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Unasema wanafunzi 14 kutoka Uingereza wanateremka bandari ya Mkoani, Pemba, Jumapili, kiongozi wao anataka Jumatatu waanze kupanda mikoko, nawe unauliza umkubalie au umkatalie. Mkatalie kwa upole. Kazi ianze Alhamisi.

Kwanza maji. Jumatatu hiyo mwezi utakuwa na siku 9, maji mafu, yaani bahari haikupwi sana, na saa nne asubuhi imejaa. Kupwa kwa Jumatatu ni usiku, kabla ya alfajiri, nako kunachelewa kama dakika 50 kila siku, na kwenye maji mafu huwa zaidi, kwa hiyo Alhamisi mtaipata nchi kavu asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Zikiongezeka siku nne baada ya Alhamisi bamvua, yaani maji makubwa, huwa limefika, maji yanakupwa mnamo saa nne, na hapo mtapata nafasi ya kutosha.

Jumatatu wapeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Mabega na magoti yafunikwe, wanawake wawe na kanga. Wafundishe hodi na shikamoo, hayo mawili yatawafungulia milango mingi. Kagua pia cheti cha bima cha kila mmoja, ile ya Shirika la Bima la Zanzibar ya dola 44 inayotakiwa tangu Oktoba 2024, na viza zao. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea.

Maji ya kunywa weka lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu 14 ni lita 42, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 hayatoshi, yawe matatu. Maji yachemke kwa nguvu dakika 1 kamili, na hayo hayo ndiyo ya kupigia mswaki. Barafu ya mtaani waiache. Wengi huharisha siku hizi za mwanzo kwa vijidudu vya chakula na maji ambavyo matumbo hayajavizoea. Akiharisha mtu, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Ukizidisha chumvi utamdhuru. Uliza nani anameza doksisiklini kwa kinga ya malaria: dawa hiyo hufanya ngozi iungue upesi juani, hao wavae mikono mirefu. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Viatu viwe raba za kufunga kamba. Ndara hunaswa na tope, na chaza walioshika kwenye mizizi hukata unyayo kama wembe.

Jumatano wape somo kwa mbegu chache tu. Mbegu ya mkoko ni kijiti kirefu. Iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni, na ukiigusa inaachia. Ncha kali iende chini, chipukizi juu. Mgeni akiwa na haraka huipindua, nayo hufa. Izamishe thuluthi moja: ya sentimita 30, sentimita 10 zikae topeni. Isipigwe kwa jiwe, chipukizi litavunjika. Tope likiwa gumu toboa kwa kijiti kwanza. Nafasi iwe mita 1 na nusu, pima kwa kamba yenye mafundo.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, mwanangu. Wageni hupenda uwanda mweupe karibu na bahari kwa kuwa picha inapendeza, lakini palipokuwa hapajawahi kuota mkoko pana sababu, ama mawimbi ama maji yanakaa muda mrefu mno. Panda penye visiki vya zamani, na acha njia ya kina mama wanaookota chaza; pale ndipo chakula cha watoto wao kinapotoka.

Maji ya madumu ya kwanza yachemshwe Jumapili asubuhi, yawe yamepoa kabla boti haijafunga gati.

Mamaako