Saratani ya uzi wa sauti ikiwa bado changa: leza au mionzi?

Dada, umesema baba yako ni mwalimu wa madrasa hapo Majengo, sauti imemkauka tangu kabla ya Ramadhani, akaingizwa kamera, kinyama kikakatwa kikapimwa, na majibu yametoka: saratani ya uzi mmoja wa sauti, T1a. Daktari amewapa njia mbili, leza (kukata donda kwa mwale wa mwanga) Nairobi au mionzi hapa hapa Mombasa, na nyumbani kila mtu ana lake. Mimi nimepita huko. Ni dalali Kongowea, nanadi maembe na machungwa, na nilipigwa mionzi wakati kadi ya bima ya afya bado ni ya NHIF, kabla ya SHA. Mpaka leo nanadi.

Hiyo T1a, kwa ugonjwa wenye jina baya kama huu, ni habari njema. Maana yake donda liko kwenye uzi mmoja tu na uzi wenyewe bado unacheza. Likishika nyuzi zote mbili huitwa T1b. Likipanda juu ya nyuzi au kushuka chini yake, au uzi ukianza kuwa mzito kucheza, ni T2. Nyuzi za sauti zina mishipa michache sana ya limfu, ambayo ndiyo njia ya saratani kusambaa, kwa hiyo donda changa hukaa palepale, ni nadra kulikuta limeshafika kwenye tezi za shingo. Tena linajisema lenyewe mapema, kwani hata likiwa dogo sauti hubadilika. Kwa T1, tiba ya kwanza peke yake humaliza donda kwa asilimia kama 85 hadi 95 ya wagonjwa. T2 hushuka kidogo, kwenye 70 na kitu. Na hapa ndipo watu wa nyumbani kwenu wasikilize: kwa kupona, leza na mionzi karibu ziko sawa. Hakuna anayemchagulia mzee kifo kwa kutaka hii au ile. Mnachochagua ni sauti, safari, na kitakachobaki mkononi endapo ugonjwa utarudi.

Kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kwa hatua hii haitumiki, kwa hiyo anayewatisha na nywele kunyonyoka mwambieni apumzike. Vilevile yule atakayesema saratani ikiguswa na kisu inatapakaa. Nililisikia neno hilo kwa wajomba, kwa majirani, hata kwa mtu aliyekuja kununua machungwa. Kukata kinyama cha kupima hakulisambazi donda hili, na bila hicho kinyama hakuna daktari wa maana atakayeanza tiba. Lile tundu la shingoni wanaloliogopa watu ni la waliotolewa koo la sauti lote, aghalabu kwa sababu walichelewa au ugonjwa ulirudi. Mzee hayuko huko.

Leza hufanywa kwa kupitia mdomoni, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, daktari akitazama kwa darubini. Nje hapakatwi kitu. Wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake. Kilichokatwa hupelekwa maabara kuangaliwa kingo zake kama ni safi, na zisipokuwa safi huenda akarudishwa ndani mara nyingine. Sauti baadaye inategemea kina: akichunwa juu juu tu, sauti hurudi vizuri, wakiingia mpaka kwenye msuli, sauti hubaki ya pumzi pumzi, na mtu huchoka akisema kwa nguvu. Tena si kila mtu anafaa. Mwenye shingo ngumu kukunjuka au taya dogo, chombo hakimpi daktari nafasi ya kuona vizuri.

Mionzi haina kisu, ila ni ndefu. Ni siku 5 kwa wiki, Jumamosi na Jumapili mapumziko, kwa wiki 5 na nusu mpaka 7 kulingana na kipimo kitakachopangwa. Unatengenezewa kinyago cha plastiki kinachobana kichwa na shingo kwenye meza ili usitikisike, halafu mashine inakuzunguka dakika chache tu. Huoni kitu wala husikii joto. Mimi kinyago kilinisumbua kuliko mionzi yenyewe, nafsi ilikuwa ikipanda. Baadaye nikazoea kuhesabu pumzi.

Wiki mbili za mwanzo nilidhani mambo ni mepesi. Kisha koo likaanza kuwaka, ngozi ya shingo ikawa nyeusi na kuchonyota, na sauti ikapotea kabisa, nikawa naandika bei kwenye kikaratasi. Mwambie mzee mapema kwamba sauti huharibika zaidi kabla ya kutengenea, asije akadhani ugonjwa umemzidi. Baada ya tiba kumalizika hurudi kwa miezi, si kwa siku. Achari, pilipili, ndimu na kahawa tungu niliviaga. Nilishika uji, bokoboko, ndizi zilizopondwa, na maji ya dafu kutwa. Ikiwa tiba itaangukia kwenye mfungo, amuulize daktari kwanza. Mimi nilikatazwa kufunga, maana koo lilitaka maji kila mara, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Sasa mizani yenyewe. Mionzi ni kama turufu ambayo kwa kawaida unaitupa mara moja tu: sehemu iliyokwisha kupigwa dozi kamili si rahisi kupigwa tena. Ugonjwa ukirudi baada ya mionzi, inabaki kukata, na mara nyingine ni kukata kukubwa. Aliyeanza na leza, ugonjwa ukirudi, anaweza kukatwa kwa leza tena au akapigwa mionzi. Ndiyo maana madaktari wengi, donda likiwa katikati ya uzi na ni la juu juu, hupendelea leza kwanza, na kwa mtu wa namna hiyo hata mimi ningesema apande treni ya SGR aende Nairobi.

Yangu haikuwa hivyo. Donda lilikuwa limegusa pale mbele nyuzi mbili zinapokutana. Pale ni pabaya kwa leza, hapafikiki vizuri na ukataji hauna budi kuwa mpana. Daktari wa masikio, pua na koo aliniambia wazi kwamba kwa kunadi kwangu, leza ingeniacha na sauti ya mnong'ono. Nikaenda mionzi. Sauti niliyonayo leo ni nzito kidogo kuliko ya zamani na hukauka jioni, lakini lori la maembe naliuza nayo mpaka linaisha.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni moja: donda liko katikati ya uzi au limefika mbele? La pili, akitumia leza atachuna juu au ataingia msulini? Mtu anayesomesha watoto kutwa ana haki ya jibu la moja kwa moja.

Mkichagua mionzi, siku zisirukwe. Kwa saratani ya koo, kuivuta tiba ikawa ndefu hupunguza uwezekano wa kupona, na hilo halisemwi vya kutosha. Ulizeni mapema mashine ikiharibika wanafidia vipi; vituo vingine huongeza kipindi cha pili siku hiyohiyo, vipindi vikipishana saa 6 au zaidi. Idhini ya SHA nayo itafutwe kabla ya siku ya kinyago, na muulize kiasi gani cha fungu la saratani la mwaka kitaliwa, kwa sababu lina ukomo na ni la nyumba nzima. Kwa leza pia ulizeni kipi kinalipiwa na kipi ni cha mfukoni, pamoja na malazi ya Nairobi kwa anayemsindikiza.

Kama anavuta sigara, aache leo. Kuendelea kuvuta wakati wa mionzi hupunguza nguvu ya tiba, huongeza vidonda vya koo, na humweka kwenye njia ya saratani nyingine, hasa ya mapafu. Mimi niliivunja pakiti kwenye ngazi za hospitali.

Baada ya tiba kuna kamera za mara kwa mara, hasa miaka 2 ya mwanzo, kwani saratani ikirudi aghalabu hurudi ndani ya kipindi hicho. Aliyepigwa mionzi shingoni apimwe pia damu kuangalia tezi ya thairoidi, huweza kulegea baada ya miezi au miaka, mtu akanenepa na kuchoka asijue kwa nini. Mimi nameza kidonge kimoja asubuhi kwa ajili hiyo.

Ukishajua kama limefika mbele au la, andika hapahapa. Nikitoka sokoni saa nane nitakujibu.