Kumtuliza mgonjwa ni kazi ya muuguzi
Je, kumsaidia mgonjwa aliyelemewa na msongo wa mawazo ni kazi ya muuguzi? Ndiyo, ni kazi yake kama ilivyo kuchoma sindano, wala si hisani. Nikiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Dodoma, naona kinachosaidia zaidi ni kumweleza mapema atakachofanyiwa, maumivu atakayoyasikia na lini ndugu zake wataruhusiwa kumwona, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutojua. Kisha tunamwongoza apumue polepole, jambo linalotuliza mapigo ya moyo. Hata hivyo, anayetamka kwamba hataki kuishi asiachwe peke yake, bali afikishwe kwa daktari mara moja, na Hospitali ya Mirembe, inayotibu magonjwa ya akili, ipo hapa hapa mjini.