Mkanda Ulionikata Shingo na Kiti Kilichobonyea

Kwa karibu miezi minane niliendesha gari nikiwa nimebana kibanio cha nguo kwenye mkanda, juu kidogo ya bega, ili usinikwaruze shingo. Mimi si mrefu, na tangu niliponunua gari hili dogo lililotumika Japani nilikuwa nimejiaminisha kwamba mikanda hutengenezwa kwa kuwafikiria wanaume warefu, na sisi wengine tuvumilie. Kila Ijumaa jioni, nikitoka kazini Kasulu kurudi nyumbani Ujiji, nilifika nikiwa na mstari mwekundu chini ya sikio, mama akiniuliza kama nimepigana njiani.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni fundi wa makochi pale Mwanga, mjini Kigoma, na wala sikumfuata kwa ajili ya mkanda. Nilimpelekea kiti cha dereva kwa sababu ngozi yake bandia ilikuwa imepasuka upande wa mlangoni, sponji ya njano imechungulia, na kila sketi nyeusi niliyovaa ilishuka garini na ungaunga wake. Badala ya kuanza na mpasuko, fundi aliniomba nikae na kufunga mkanda kama ninavyofunga siku zote, kisha akasimama mlangoni akinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Dada," akasema, "wewe hujakaa juu ya kiti, umekaa ndani yake."

Alikuwa amesema kweli. Tundu la juu ambalo mkanda hupitia limefungwa kwenye nguzo ya gari na halishuki pamoja nawe. Sponji ikibonyea, mwili unashuka, tundu linabaki palepale, na mkanda uliotakiwa kulala katikati ya mtulinga unahamia shingoni. Chini nako mambo yanaharibika kimyakimya, kwa sababu kifungio kimeshikwa na chuma cha kiti, hivyo makalio yakizama, kile kipande cha mapajani kinapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga na kukaa juu ya tumbo laini. Mkanda wa pointi tatu tunaoufahamu, ambao mhandisi Nils Bohlin aliubuni akiwa Volvo nchini Uswidi mwaka 1959, hufanya kazi kwa kuukabidhi mshtuko kwa mifupa yenye nguvu, yaani nyonga, mbavu na bega. Ukiuhamishia tumboni na shingoni, umeukabidhi sehemu zisizoweza kuubeba. Kile kibanio changu kilikuwa kinaongeza kosa la pili, kwani mkanda uliolegea humwacha mtu aende mbele kwanza ndipo umkamate kwa kishindo.

Niseme pia kwamba kabla ya fundi nilikwisha kujaribu mto. Mto mlaini unakuinua, ndiyo, na shingo inapumua, lakini gari likifunga breki kali mto unateleza na kuponyoka, na wewe unateleza nao chini ya mkanda. Kinachotakiwa kuinuka ni kiti chenyewe.

Alipokivua kiti nguo zake ndipo nilipoona. Sponji ilikuwa imekatwa mistari na springi kama muhogo uliopitishwa kwenye kikwaruzo, na kile kitambaa kigumu ambacho kiwandani huwekwa kati ya springi na sponji kilikuwa kimeoza na kubaki nyuzi. Kilioza kwa maji. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaachia vijana wanaoosha magari wamwage ndoo nzima ndani, nikidhani huo ndio usafi, bila kufikiri kwamba sponji iliyoloa huchukua siku nyingi kukauka katika hewa ya kando ya ziwa, na kwamba springi zake zinapata kutu na kuwa na makali. Siku hizi kiti changu kinafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi.

Mpasuko wa pembeni nao una historia yake, na nilijitambua ndani yake mara moja. Magari yetu usukani uko kulia, kwa hiyo ukingo wa kulia wa kiti cha dereva ndio unaoburuzwa kila mtu anapoingia na kutoka. Nilikuwa na tabia ya kuteleza juu yake nikiwa na funguo kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Ukijumlisha vumbi jekundu la barabara za vijijini, ambalo ndani yake mna chembe za mchanga, kila mtelezo ni msasa mwepesi. Sasa ninakalisha makalio kwanza katikati ya kiti, kisha ninaingiza miguu, na nikitoka ninashika nguzo ya mlango na kujiinua. Mara ya kwanza utajiona kama bibi harusi mwenye gauni refu, baada ya wiki mbili huhisi kitu. Funguo zikae kwenye mkoba.

Jua la Kigoma linamalizia kazi. Ngozi bandia hubaki laini kwa sababu ya kilainishi kilichomo ndani yake, na joto la kila siku hukifukuza kidogo kidogo mpaka inakauka na kupasuka kama ardhi ya Septemba. Nilikuwa naegesha gari upande wa dereva ukiangalia ziwa, yaani magharibi, na jua lote la alasiri likiingia kwa kioo cha mlango. Kuligeuza tu gari, au kutundika khanga kuukuu dirishani, kunasaidia kuliko dawa za kung'arisha zinazouzwa kwenye chupa, ambazo nyingine huacha mafuta yanayonasa vumbi. Vitakasa mikono vyenye spiriti navyo vizuiwe visidondokee kiti, maana vinaondoa rangi.

Kuhusu mawese, ambayo hakuna gari la Kigoma litakaloyakwepa milele: usisugue. Nyunyiza unga wa muhogo juu ya doa, uache unyonye mafuta kwa saa kadhaa, upanguse, kisha dondoshea maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo na kugandamiza kwa kitambaa safi kuanzia pembeni kuelekea kati. Rangi ya machungwa inayobaki hufifia yenyewe kadiri inavyopata mwanga. Harufu ya dagaa ni habari nyingine na sina ushauri, isipokuwa kuwasafirisha kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kazi ya kiti ilichukua siku mbili. Fundi alitandika gunia la katani juu ya springi, akaweka sponji ngumu mpya, akaichonga kwa kisu kirefu akiilinganisha na kiti cha abiria, kisha akavisha kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Nilikuwa ninatamani kava la manyoya, akanikatalia, na alikuwa na haki: kava linalocheza huku na huku husugua kilicho chini yake pamoja na vumbi lililonaswa. Ukienda kushonesha, angalia ubavuni mwa kiti kama kuna kijilebo cha mfuko wa hewa (airbag), ule unaofumuka kumkinga mtu gari linapogonga. Kama kipo, kava lisishonwe kufunika upande huo, kwa kuwa mfuko ule hutokea hapohapo. Na kabla ya kiti kung'olewa, nyaya za betri zichomolewe na ziachwe dakika kadhaa, kwa sababu chini ya viti vingi zipo waya, hasa zenye vichwa vya njano za mifuko hiyo ya hewa, ambazo si za kuchezea.

Nilipokaa tena, mkanda ulilala begani bila kubembelezwa. Nilishusha kidogo pia kile kishikizo cha kwenye nguzo kinachobeba lile tundu la juu, ambacho magari mengi yanacho na wenye magari wengi hawajawahi kukigusa, nikausimamisha mgongo wa kiti, kwani ukilala sana kama dereva wa disko mkanda unaacha kukigusa kifua.

Baada ya hapo nikaugeukia mkanda wenyewe, uliokuwa ukirudi kwa uvivu. Mkanda mvivu huning'inia, mlango unaung'ata, ukingo unaanza kutoa nyuzi, na ulimi wake wa chuma unapigapiga kitambaa kipya ulichokilipia. Aghalabu kosa si la springi inayouvuta. Ni utando wa jasho, mafuta ya nywele na vumbi uliogandamana kwenye lile tundu la juu. Nilivuta mkanda wote nje, nikaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila jiki, maana jiki hula nyuzi, nikapitisha kitambaa chenye unyevu ndani ya tundu mara nyingi hadi kikaacha kutoka cheusi. Usitie oili ndani ya kifaa kinachouvuta. Kisha uuvute kwa ghafla: ni lazima ukatae. Ukikuta umechanika ukingoni, au uliwahi kubeba mtu katika ajali, usimpe fundi ashone, kwani sindano hukata nyuzi na uzi wa cherehani hauwezi kufidia. Badilisha mkanda mzima.

Mkanda uliooshwa unatakiwa ukauke ukiwa umevutwa nje usiku kucha, la sivyo unarudi ndani na unyevu. Ndipo nikakumbuka kibanio cha nguo, nikaubania nacho pale juu hadi asubuhi. Kiti cha abiria bado kimebonyea, na mama, ambaye ndiye hukikalia, amekwisha kuuliza mara mbili zamu yake ni lini.