Maswali yenu kuhusu vepu: asilimia tano si kidogo

Mwezi huu maswali ya presha na sukari nimeyaweka kando. Barua zilizonijia kwa wingi ni za vepu, yaani sigara za kielektroniki, na karibu zote zinauliza jambo moja: mgeni anunue ipi? Nimechagua nane. Mimi ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi, na kabla ya hapo nilivuta sigara miaka 11. Nayajibu nikiwa na hayo yote mawili kichwani.

Sijawahi kuvuta sigara ila nataka kujaribu vepu. Kwa anayeanza, bora ya kutupa au ya kujaza? (Msomaji, Dodoma)

Usinunue yoyote. Vepu ina kazi moja tu ya maana, kumtoa mvuta sigara kwenye sigara. Wewe humo, basi huna pa kutolewa. Ukianza leo, utakuwa umetoa pesa yako kununua arosto, ile hamu kali ya nikotini inayokubana ukiikosa.

Navuta pakiti nzima kwa siku, huu mwaka wa 16. Nimejaribu kuacha mara tatu nikashindwa. Nikihamia vepu nichukue ya kutupa, podi, au lile dude lenye tangi? (Msomaji, Kisauni)

Pole, na hongera pia. Wengi walioacha kabisa hawakuacha kwa jaribio la kwanza.

Kabla ya vepu, niambie: plasta na chingamu za nikotini umezijaribu? Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Kipimo chake kinajulikana na hazipiti mapafuni. Unabandika plasta asubuhi ikubebe siku nzima, na chingamu unaiweka kwa ile saa arosto inapokubana, mathalani baada ya chai. Wateja huniambia "chingamu nilitumia, haifanyi kazi". Nikiwauliza waliitafunaje, nagundua waliitafuna kama Big G. Chingamu hii hutafunwa polepole mpaka uhisi inawasha mdomoni, kisha unaibana kati ya shavu na fizi, itulie. Ikiacha kuwasha, unatafuna tena kidogo. Ukiitafuna kwa fujo unameza nikotini yote, tumbo linachafuka, na arosto iko pale pale.

Ukiwa umezitumia sawasawa na zikashindikana, na umeamua ni vepu, chukua podi ya kujaza mwenyewe, kile kifaa kidogo chenye kikopo cha maji ya nikotini. Inavutwa kama sigara: moshi unaujaza mdomoni kwanza, ndipo unaushusha kifuani. Lile dude la tangi limetengenezwa kwa anayevuta moja kwa moja hadi kifuani ili atoe mawingu. Mvuta sigara akilionja mara ya kwanza anakohoa mpaka machozi, analiweka chini, jioni yuko kibandani ananunua sigara. Tena ole wako ulitilie maji makali ya podi, utazimia.

Ya kutupa siitaki kabisa, na sababu yangu ni hii. Kuacha ni kushuka ngazi: unaanza na maji ya miligramu 18 kwa mililita, ukizoea unashuka 12, halafu 6, halafu 3, mwisho sifuri. Podi ya kujaza inakupa ngazi hizo. Ya kutupa imefungwa na kiwanda, na kilichomo ndicho hicho hicho mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 886 waliotaka kuacha. Nusu walipewa dawa za nikotini kama plasta na chingamu, nusu wakapewa vepu. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya kundi la vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la dawa. Watu huusoma hapo wakashangilia. Someni na yaliyobaki: vifaa vilikuwa vya kujaza, maji yalikuwa ya miligramu 18, kila mmoja alikuwa na mshauri wa kumwona kila wiki kwa angalau wiki nne, na wanane katika kila kumi walioacha sigara kwa vepu walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipokwisha. Kwa hiyo weka tarehe ya kuiacha vepu yenyewe, tangu siku unayoinunua.

Mengine mawili. Podi mpya ukishaijaza, iache dakika 10 pamba ilowe ndipo uvute. Na siku unayoanza, sigara ziishe. Anayevuta vepu kazini na sigara nyumbani hajahama, ameongeza. Hata sigara moja kwa siku inaumiza moyo kuliko watu wanavyodhani.

Nimenunua ya kutupa ya ladha ya embe, imeandikwa 5%. Nimechagua ndogo ndogo ya kuanzia, sivyo? (Msomaji, Eldoret)

Sivyo, ndugu yangu. Na nisingependa mtu mwingine anunue kwa kosa hili.

Asilimia 5 ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Geuza kifaa chako usome kina mililita ngapi. Kama ni 10, umeshika miligramu 500. Mvuta sigara huingiza mwilini takriban miligramu 1 hadi 2 kwa sigara moja. Si zote zilizomo kwenye kifaa zitakuingia, lakini umeona ukubwa wa ghala ulilobeba mfukoni. Uingereza na Umoja wa Ulaya hawaruhusu kupita miligramu 20 kwa mililita, wala kifaa cha kutupa kupita mililita 2, yaani miligramu 40 kwa kifaa kizima. Na tangu tarehe 1 Juni 2025 Uingereza imepiga marufuku kuuza za kutupa kabisa.

Utaniuliza, mbona haikwaruzi koo? Nikotini ya kawaida kwa ukali huo ingekukata koo pafu la kwanza, ukaiweka mwenyewe. Hii imetiwa asidi ikawa nikotini ya chumvi, inateleza kama sharubati. Koo ndilo lililokuwa likimzuia mgeni, na kizuizi hicho kimeondolewa kwa makusudi. Kile mnachokiita stimu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, ni nikotini imekuzidi.

Kuna moja niliipasua mezani kwangu (msinifuatilize, betri hizi hulipuka). Ndani mlikuwa na betri ya lithiamu nene kama kidole, waya mwembamba uliojikunja, na sponji lililolowa maji ya manjano. Nikaosha mikono kwa sabuni mara mbili, harufu ya embe ikakaa vidoleni hadi jioni. Nilichokuwa nakitafuta ni alama ya kumwonyesha mtu amefika wapi, na kwenye ile hakikuwepo. Mvuta sigara anahesabu, pakiti ina 20, na kipisi kikifika mwisho kinamchoma vidole. Hiki hakina mwisho wa sigara moja na mwanzo wa nyingine. Unavuta ukisoma simu, unavuta ukiwa kitandani, na ukiamka usiku unakitafuta chini ya mto.

Kama huvuti sigara, usikimalize. Kama unavuta, rudi kwenye jibu la msomaji wa Kisauni.

Si ni mvuke wa maji tu? (Wasomaji wengi mno)

Si maji. Ni propilini glikoli, gliserini, ladha na nikotini, vinavyochemshwa kwa waya wa moto. Nimelijibu hili mara nyingi na naomba msiniulize tena.

Basi nikichukua isiyo na nikotini nitakuwa salama? (Msomaji, Bujumbura)

Haitakufunga kwa arosto, hilo nakubali, ikiwa kweli haina. Lakini ladha inayofaa kuliwa si lazima ifae kuvutwa. Mwaka 2000, huko Missouri, Marekani, waligunduliwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi ambao mapafu yao yaliharibika moja kwa moja. Sababu ilikuwa mvuke wa diasetili, ile inayoipa bisi ladha ya siagi. Ukiila haikudhuru, lakini wao waliivuta kwa pua kila siku. Basi usiniambie "ni ladha ya chakula tu".

Na kwa kuwa umegusa mapafu, niseme na lingine ambalo hukuuliza. Maji ya bangi ya mtaani msiyaguse. Marekani, kuanzia katikati ya 2019 hadi Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa kwa mapafu kuharibika ghafla na 68 wakafa. Wengi walikuwa wamevuta maji ya bangi yaliyozimuliwa kwa aina ya mafuta ya vitamini E.

Podi yangu inaonja kama kitambaa kilichoungua. (Msomaji, Nakuru)

Acha kuvuta hapo hapo. Pamba imekauka na inaungua. Badilisha koili, ule waya wa moto pamoja na pamba yake, na usiivute tena ikiwa karibu kwisha maji.

Nasafiri Kampala halafu Muscat. Naweza kwenda nayo? (Msomaji, Mombasa)

Iache nyumbani. Uganda ilizipiga marufuku kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, na Oman nako uuzaji wake umekatazwa. Kwingine kunakoruhusiwa, kwenye ndege inakaa kwenye begi la mkononi na si kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya betri.

Kwenye begi la mwanangu wa kidato cha pili nimekuta kitu kama flashi, kinanukia tikiti maji. Babake anataka kumchapa. Nimekificha kwenye kabati la vyombo, na nina mdogo wake wa miaka miwili. Nifanye nini? (Mama, Tanga)

Mama, mwambie baba mtoto asimchape. Akichapwa atajifunza kuficha vizuri zaidi, na kitu hiki ni chepesi kufichika: hakina moshi wa kukaa nguoni, na harufu yake ni ya pipi. Mketishe mkiwa wawili tu, umwulize mambo mawili. La kwanza, akiamka asubuhi anakaa muda gani kabla ya kukitaka. Akisema ni ndani ya nusu saa, tayari kimemshika, na anahitaji daktari au mshauri kama mgonjwa mwingine yeyote. La pili, nani anamuuzia. Ubongo wa umri wake bado unajengeka, na nikotini inajishikiza hapo haraka kuliko kwako au kwangu. Hasira zake za ghafla, kukosa usingizi na kushindwa kutulia darasani huenda si ujeuri. Huenda ni arosto inayomjia kipindi cha tatu akiwa hana pa kuvutia.

Jina la muuzaji ukilipata, lipeleke kwa mwalimu mkuu na serikali ya mtaa. Mtoto si wa kubeba kesi hiyo peke yake.

Lakini kabla ya mazungumzo yote hayo, simama sasa hivi ukitoe kwenye kabati la vyombo. Maji ya humo yanatosha kumuua mtoto wa miaka miwili, na harufu yake inamwita. Kiweke juu, mahali penye kufuli. Ikitokea yamemgusa ngozi, mvue nguo umwoshe kwa maji mengi. Akiyanyonya, usimtapishe na usimpe maziwa. Mkimbize hospitali hata kama bado anacheza, usisubiri aanze kutapika, kutoka mate na kutetemeka. Na kifaa chenyewe ukichukue, daktari asome ubavuni ni miligramu ngapi.